Nitume rekodi za laivu au nikope hela niende studio?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi napiga gitaa la solo, niko Nkuhungu hapa Dodoma. Napiga na bendi ndogo ya maharusi na Jumapili niko na kwaya. Kuna bendi ya hoteli Zanzibar wanatafuta mpiga solo, wamesema kila mtu atume sampo tatu ndio waamue wa kumuita kwenye usaili. Rekodi ya studio sina, nina video za laivu tu, moja ya harusi, moja ya mkutano wa injili na moja ya mazoezi. Jamaa yangu anasema kutuma laivu ni ushamba, niende studio, ila prodyuza anataka laki tatu na sina. Nikope au nitume hizi hizi? Nimekutumia zote uzisikilize.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usikope. Ningeweza kuishia hapo nikaendelea na chai yangu, ila kati ya hizo tatu ulizonitumia mbili usizitume kabisa, na ile moja ambayo naona umeiweka mwisho kama nyongeza ndiyo ingenifanya mimi nikuite, kwa hiyo kaa vizuri maana jibu lenyewe refu kidogo.

Kwanza huyo jamaa yako. Hajakosea sana, kachanganya tu mambo mawili. Ukitaka wimbo wako uchezwe redioni, au wewe ni mwimbaji unatafuta wa kukusimamia, nenda studio maana pale kinachouzwa ni wimbo. Wewe huuzi wimbo. Wewe unaomba kazi ya kusimama jukwaani masaa matatu kila usiku pembeni ya watu watano usiowajua, mwimbaji anabadilisha mawazo katikati, mgeni anakuja na noti anaomba wimbo mliopiga mara ya mwisho mwaka juzi. Kiongozi wa bendi akifungua sampo yako anataka kujua huyu mtu anawasikiliza wenzake au anajisikiliza mwenyewe, mambo yakiharibika anafanyaje, na gitaa lake linatoaje sauti likiwa mikononi mwake mwenyewe bila prodyuza kulipaka mafuta. Studio haina jibu la hata moja kati ya hayo.

Nakwambia hivi kwa sababu yamenikuta. Kuna kipindi nilikuwa naongoza bendi hapa mjini, tunapiga Ijumaa na Jumamosi, mpiga rizim wetu, yule wa gitaa la kusindikiza, akahama tukawa tunatafuta mwingine. Kijana mmoja akaleta sampo ya studio, safi mno, rizim imekaa kama saa ya ukutani, nikawaambia wenzangu tumeshapata mtu. Akaja mazoezi Alhamisi, mwimbaji wetu ana mafua, akasema leo tushuke toni moja, badala ya G tupige F. Yule kijana akaganda. Sio kwamba alikosea, aliganda, mkono uko hewani anatuangalia. Baadaye tukiwa tunakunywa soda akaniambia mwenyewe kwamba kule studio alipiga mizunguko miwili tu ikatoka vizuri, prodyuza akaikopi na kuibandika wimbo mzima. Wala sikumchukia, alikuwa mtu mstaarabu sana, ila shoo ni kesho na mimi saa nne usiku bado napiga simu kutafuta mtu. Toka siku hiyo mtu akiniletea studio peke yake namwambia ongeza na kitu chochote ulichopiga na watu, hata kama kimerekodiwa na simu ya kitochi.

Na tusijifanye laivu ni kitu cha watu wasio na hela. Bendi zetu za zamani nyimbo wanazozisikiliza wazee mpaka leo zilirekodiwa kule RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikiwa chumbani, wanahesabu, wanapiga pamoja mwanzo mpaka mwisho, mmoja akiharibu wanarudia wote. Hii habari ya kila mtu kuja siku yake anapiga kipande chake anaondoka imekuja baadaye. Hata hapo hapo Zanzibar unakotaka kwenda, tamasha la Sauti za Busara toka lianze 2004 limejijengea jina kwa muziki wa laivu, pleibeki, yaani kuimba juu ya muziki uliorekodiwa, haina nafasi pale. Na vyuo vingi vya muziki vya Ulaya na Marekani vinavyochuja waombaji kwa video vinataka video uliyopiga mara moja bila kukatwa katikati. Kwa hiyo ushamba sio laivu, ushamba ni kutuma laivu ambayo wewe humo husikiki.

Sasa tuje kwenye zako.

Ya harusi. Nimeisikiliza mara mbili, mara ya pili nikavaa hedfoni nikidhani labda masikio yangu yamechoka. Gitaa halipo. Namsikia MC, namsikia mama mmoja anapiga vigelegele karibu kabisa na simu (yuko vizuri sana huyo mama, yeye wangemchukua), nasikia besi inapasuka kwa sababu simu imewekwa meza iliyo mbele ya spika kubwa, wewe unaonekana kwa mbali unahangaika na shingo ya gitaa ila hakuna kinachotoka. Ukaniambia pia unayo sauti ya siku hiyo iliyotoka kwenye mixa, ukanitumia, na yenyewe ikawa vile vile ila kwa namna nyingine, mwimbaji yuko ndani ya sikio langu, kinanda kipo, wewe na drams kama mnapiga kwa jirani. Hili linawachanganya wengi kwa hiyo nilieleze. Mixa hairekodi muziki wa ukumbini, inarekodi kile ambacho ukumbi ulihitaji kuongezewa. Drams kwenye ukumbi mdogo hazihitaji kuongezewa, zinasikika zenyewe mpaka barabarani. Gitaa lako lina spika yake pale nyuma, fundi mitambo kaona linatosha, labda hata maiki hakuliwekea. Kwa hiyo watu ukumbini walikusikia vizuri kabisa na rekodi ya mixa haina habari na wewe. Sio kosa la fundi, yeye alikuwa anafanya kazi ya harusi na sio ya usaili wako. Hiyo video achana nayo.

Ya mkutano wa injili. Hapa kuna matatizo matatu na la kwanza ni upepo. Uwanja wazi, Dodoma, kuanzia kama mwezi wa saba hivi, huhitaji mimi nikwambie. Ule mngurumo unaosikika kila baada ya sekunde chache ni upepo unapiga kitundu cha maiki ya simu, ukishaingia kwenye rekodi hautoki. Najua kuna programu za kusafisha makelele, nimezijaribu, ukizikaza zinatoa upepo na gitaa linaanza kusikika kama limezama kwenye pipa la maji, afadhali upepo. La pili ni jenereta, lile vuma la chini linaloenda muda wote. Hilo angalau lina nafuu. Umeme wetu unatembea kwenye 50 Hz, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na jenereta nayo humo humo, wakati ule uzi wako mnene kabisa wa E ukiwa wazi unatoa 82 Hz, kwa hiyo ukifungua programu yoyote ya kuhariri sauti ukakata kila kitu cha chini ya 80 unapunguza sehemu kubwa ya lile vuma na gitaa lako unakuwa hujaligusa. Halitaisha lote, lina watoto wake huko juu kwenye 100 na kuendelea, ila litavumilika. Kumbuka tu ukikata hivyo besi na kigoma cha mguu vinakonda, kwa hiyo usiikate kama mpiga besi wenu ndiye aliyekuwa anakubeba.

Ila tatizo la tatu ndilo linaloiua hiyo video hata kama upepo usingekuwepo. Dakika sita unapiga mzunguko ule ule nyuma ya mhubiri. Umepiga kwa adabu, umejua kunyamaza anapoongea, mimi hilo nimeliona na nimelipenda, lakini mtu wa hoteli haangalii dakika sita, na akiangalia hatajua kama unaweza kingine. Halafu kuna wale watu wanaombewa pale mbele, wengine wameanguka chini, sura zao wazi kabisa. Hao hawakuja kwa ajili ya usaili wako. Usiitume popote.

Ya mazoezi sasa. Chumba cha bati, nyuma kuna blanketi limetundikwa ukutani, simu naona ilikuwa juu ya kiti maana naona zaidi magoti yako kuliko uso, mpiga drams yuko na ndala. Sekunde arobaini za mwanzo mnatyuni na mtu anauliza nani amechukua chaja yake. Kwa macho ndiyo mbaya kuliko zote. Ila vaa hedfoni usikilize kuanzia dakika ya 2 na sekunde 14. Mwimbaji anaingia kiitikio mapema, mzunguko mmoja kabla. Mpiga drams anasita, anapiga sahani anajaribu kumfuata, anarudi, besi imebaki kule kule. Kwa kama sekunde mbili bendi imegawanyika. Wewe pale ulikuwa unajiandaa kuingia na solo, nasikia ulishaanza noti tatu za kwanza, ukaziacha. Ukarudi kwenye rizim, ukapiga ile koodi kwa nguvu kwenye mpigo wa kwanza, mara mbili, kama unawaambia jamani tuko hapa, mzunguko wa pili wote wamekaa, halafu ndio ukapanda juu ukaanza sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, kama hakuna kilichotokea. Na unacheka! Nasikia kabisa unacheka.

Mdogo wangu hiyo ndiyo sampo. Mimi nimesikiliza wapiga gitaa wengi wenye vidole vyepesi kuliko wewe, samahani kwa kusema, lakini wengi wao pale 2:14 wangeendelea na solo yao na bendi ingekufa. Kiongozi wa bendi mwenye akili akisikia hapo anasimamisha, anarudisha nyuma, anamuita mwenzake aje asikilize.

Kwa hiyo ikate ianzie pale 1:50 hivi, ili asikie bendi ikiwa sawa kabla ya kosa, iishie pale 3:40 solo inapoisha. Mwisho sauti ishuke taratibu, usikate kama umeme umekatika. Katikati usiguse chochote. Hii naomba unielewe vizuri kwa sababu utashawishika, mtu atakwambia toa lile kosa la mwimbaji, unganisha hapa na hapa, utasikika safi. Ukilitoa kosa umetoa na wewe. Isitoshe watu waliozoea wanasikia kiungo, sahani ya drams inakuwa inalia halafu ghafla imenyamaza, na wakishasikia kiungo kimoja wanaanza kujiuliza vingine viko wapi. Kukata mwanzo na mwisho ni ruksa, kupandisha sauti iwe ya kutosha ni ruksa, kupunguza vuma ni ruksa, kugusa kilichochezwa hapana.

Hiyo ni moja, bado mbili, na hizo inabidi uzirekodi upya, bure.

Ya pili iwe harusi inayofuata. Nenda mapema wakati wa saundi cheki, ongea na fundi mitambo vizuri, mpelekee hata maji ya kunywa, hawa watu hakuna anayewakumbuka. Mwambie unaomba aweke maiki mbele ya spika ya gitaa, hata kama ukumbini hataipandisha sana, na akurekodie kutoka kwenye mixa. Simu yako weka mbali kiasi, sio meza ya mbele ya spika kubwa, tafuta katikati ya ukumbi kama mita sita au nane kutoka jukwaani, juu kidogo ya vichwa vya watu, ifungwe kwenye kitu kisichotikisika. Iweke kwenye hali ya ndege, maana shangazi akipiga katikati ya solo ndio basi. Kabla ya ukumbi kujaa rekodi nusu dakika bendi ikipiga kwa nguvu zote uisikilize hapo hapo. Kama programu yako inaonyesha mita ya sauti, vilele viwe kati ya kama -12 na -6, kikigusa sifuri kinapasuka na kilichopasuka hakiponi.

Ukishapata zote mbili, ya mixa na ya simu, unazichanganya, ya mixa inakupa gitaa na sauti, ya simu inakupa ukumbi, drams na watu. Hapa kuna kitu kimoja kitakusumbua. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo simu iliyo mita nane kutoka jukwaani inachelewa zaidi ya milisekunde 20 nyuma ya mixa (milisekunde ni sekunde moja ukiigawa mara elfu), na ukiiweka mita kumi na saba inafika kama 50, ukizipanga hivi hivi utasikia kila mpigo wa drams umekuwa wa mapacha. Kabla hamjaanza mtu apige kofi moja kubwa mbele ya maiki ya mwimbaji. Nyumbani unatafuta hilo kofi kwenye rekodi zote mbili unaisogeza moja mpaka makofi yakae sehemu moja, imeisha.

Wimbo gani? Nakuomba usiniletee sebene nyingine. Sebene umeshaonyesha kwenye ile ya mazoezi. Chagua wa taratibu, ule wa maharusi kukata keki au kuingia ukumbini, ambao gitaa linajibu kati ya maneno ya mwimbaji na kunyamaza. Mpiga solo anajulikana kwenye wimbo wa taratibu, huko kwenye kasi wote tunafanana. Na hoteli wageni wanakula, nyimbo nyingi zitakuwa za kopi za upole upole, watataka kujua kama unaweza kupiga bila kumwagia mtu supu.

Ya tatu iwe wewe peke yako, dakika moja na nusu, mchana, dirisha likiwa mbele yako na sio nyuma, uso na mikono yote miwili vionekane. Nyuzi mpya, hilo usibane hela, badala ya laki tatu umetumia hela ya nyuzi. Sema jina lako, unatokea wapi, piga. Ukipenda anza na kitu cha kwetu. Huku Ugogoni tuna zeze na ilimba, ile ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, mwanamuziki wetu Mgogo Hukwe Zawose alivipeleka dunia nzima, na wewe ile mizunguko ya ilimba kwenye gitaa naijua unaipiga, nilikusikia siku moja pale Nyerere Square unawachezea watoto. Zanzibar wapiga gitaa wanaojua rumba wamejaa, anayepiga ilimba kwa nyuzi sita hawamuoni kila siku. Ila sekunde thelathini tu, halafu piga kingine, wasije wakadhani unajua hiyo tu.

Kutuma nako kuna watu wanaanguka. Video ukiituma WhatsApp kama video inabanwa, sauti inakuwa kama ya ndani ya ndoo, kazi yote imepotea. Tuma kama dokumenti, au ipandishe Google Drive utume linki, na hakikisha linki inafunguka bila mtu kuomba ruhusa. Jaribu kwa simu ya mtu mwingine, sio yako, yako itafungua kila kitu kwa sababu ni wewe. Video za 1080 zinakula kama MB 60 mpaka 130 kwa dakika kutegemea simu, kwa hiyo futa picha za zamani kabla ya siku ya harusi sio wakati MC anawaita. Faili liwe na jina lako na namba 1, 2, 3, ya mazoezi ndio iwe ya kwanza kwa sababu wengi hawafiki ya tatu. Na kwenye ujumbe andika mistari miwili mitatu, imerekodiwa wapi, lini, na wewe ni yupi: "mimi ni mwenye gitaa jekundu kushoto, gitaa lingine ni la mwenzangu". Hii ya kusema lipi lako usiiruke, kwenye bendi yenye magitaa mawili msikilizaji asipoambiwa anampa sifa yule anayeonekana zaidi, na magoti yako pale hayajitoshelezi.

Waambie pia wenzako wa bendi kwamba unatuma video wamo. Hawatakukatalia, ila wakija kuikuta kwa watu wengine huko inaleta maneno, na kisheria nao wana haki kwenye walichopiga, sheria ya hakimiliki ya 1999 inamtambua mpigaji na sio mtunzi tu. Wenye harusi vile vile, waombe, na kamera ielekee jukwaani.

Kiongozi wa bendi yako naye mwambie mwenyewe kabla hajasikia mtaani kwamba unaondoka. Najua hutaki. Mwambie tu.

Ukisharekodi hiyo ya taratibu nitumie niisikilize kabla hujawapelekea wao, kama dokumenti tafadhali, na usinitumie saa saba usiku kama hizi.